Babu, kalete barua ya mtendaji

Wadogo zangu mlioripoti kitengo cha ustawi wa jamii hospitalini mwaka huu, na ninyi wanafunzi wa fildi, karibuni sana. Tuko wachache na kazi ni nyingi. Lakini wiki hii, pale dirisha la wazee, nimesikia tena maneno yanayonikera kuliko yote: "Babu, nenda kalete barua ya mtendaji." Ndiyo barua ya mtendaji wa kijiji ya kuthibitisha kwamba mzee hajiwezi. Babu akachukua fimbo yake akaondoka. Hakuna aliyemuuliza anatokea wapi. Kwa hiyo tukae tuzungumze.

1. Usimrudishe mzee kwa ajili ya karatasi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiyejiweza anatibiwa bure. Hayo mliyajibu kwenye mtihani. Kinachowashinda ni asubuhi yenyewe, foleni imefika getini, na aliyekaa mbele yako hana kitambulisho cha matibabu wala namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na tarehe yake ya kuzaliwa alikuwa akiijua marehemu mama yake.

Mimi nilimrudisha. Nilikuwa mgeni kazini kama ninyi, misamaha yetu ya malipo ya matibabu ilikuwa imehojiwa, na nilimwogopa mkaguzi kuliko kitu chochote. Mzee alikuja na kidonda cha unyayo, amekifunga kipande cha khanga, na sukari anayo. Nilimwamkia, nikamkalisha, nikamweleza kwa upole kabisa kwamba bila barua siwezi kuandika msamaha. Akasema, "Sawa, mwanangu." Sikuuliza nauli kaipata wapi. Baadaye ndipo nikajua aliuza jogoo, na kwamba mtendaji wa kijiji chake alikuwa amehamishwa, mwingine hajaletwa. Barua aliipata hatimaye. Alikuja nayo ndani ya mfuko wa nailoni isije ikalowa, imegongwa mhuri, kila kitu sawasawa. Kidonda kilikuwa kimeshapanda. Mguu ukakatwa chini ya goti. Nilipokwenda wodini alinyoosha mkono chini ya mto, akaitoa ile barua, akaniuliza kama sasa iko sawa. Ilikuwa na mistari mitatu: jina lake, kijiji chake, na kwamba ni mzee asiyejiweza. Yote matatu aliniambia kwa mdomo wake siku ya kwanza.

Hakunilaumu. Ndugu zake pia hawakunilaumu, maana na wao wameshazoea kwamba ofisi ndivyo zilivyo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Basi shikeni hivi: mzee amwone daktari kwanza, karatasi itafutwe na mwenye simu, yaani wewe. Weka namba za watendaji wote wa halmashauri yako. Barua ipigwe picha, itumwe WhatsApp, ichapwe, iingie kwenye faili. Mkaguzi ataikuta humo.

2. Umri. Asiyejua mwaka aliozaliwa hajakudanganya. Muulize Operesheni Vijiji ya 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, ilimkuta anafanya nini. Muulize Vita vya Kagera vya 1978 vilimkuta ameoa au bado. Kama alikuwa na mke, ameshavuka 60, andika uendelee. Bibi mmoja nilipomuuliza habari za Kagera alinijibu, "Vita mwulize mwanangu wa tatu, ndiye aliyezaliwa redio ikitangaza." Tulicheka wote, faili likafungwa. Uganda, pensheni ya wazee ilipoenezwa nchi nzima ilianzia miaka 80, na umri unasomwa kwenye kitambulisho cha taifa. Wapo walioandikiwa mwaka usio wao wakaachwa nje ya orodha. Kwa hiyo unapomjazia mzee fomu yoyote, usibahatishe.

3. Zungumza na mzee mwenyewe, si mjukuu aliyemleta. Asiposikia, usipige kelele. Kaa anapouona mdomo wako, sema polepole.

4. Mnaopangiwa Kanda ya Ziwa, bibi mwenye macho mekundu amepikia mavi ya ng'ombe na mabua maisha yake yote, ndani ya nyumba isiyopitisha hewa. Ingieni jikoni mwake mkae, mtayaona macho yenu wenyewe yakigeuka. Kwa macho hayo wanawake wameitwa wachawi na wameuawa. Kwenye ripoti andika moshi, kisha mpeleke kwa mtaalamu wa macho. Ukisikia minong'ono, nenda kwa mtendaji na polisi siku hiyohiyo. Usingoje kikao cha robo mwaka.

5. Wazee watawauliza mbona Unguja na Pemba kila aliyefika miaka 70 analipwa pensheni jamii tangu 2016, hata kama hakuwahi kuajiriwa, na Kenya kuna Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kwa wa miaka 70 na kuendelea. Msiwajibu kwamba hiyo ni siasa. Waambieni kweli: Bara tuna TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, nayo inaangalia umaskini wa kaya, si umri. Mimi naona wazee wana haki ya kudai, maana nimewaona wakipimwa umaskini wao hadharani mbele ya majirani, na si jambo la kumfanyia mtu aliyekulea. Baraza la wazee la kata likikaa, nenda mwenyewe, andika hoja hiyo kwenye muhtasari kwa maneno yao yaleyale, na ufuatilie mpaka umfikie mkurugenzi wa halmashauri.