Simama Upepo Unakotoka: Kupiga Picha Magari ya Zamani ya Mbio

Mara ya kwanza kwenda kupiga picha za Safari Classic, mbio za magari ya zamani hapa Kenya, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa upepo. Ilikuwa upande wa Taita, asubuhi, kwenye barabara ya udongo mwekundu inayokata katikati ya mkonge. Nilichagua kona nzuri, nikafunga lenzi ndefu, nikasubiri. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alinitazama kitambo, kisha akaniambia, "Kijana, hapo utakula vumbi. Upepo watoka mlimani." Nikasema asante mzee, nikabaki palepale kwa sababu kona ilikuwa nzuri. Likapita Datsun 240Z, likapita Escort, likapita Porsche. Jioni nilipofungua kamera nilikuta picha thelathini na kitu za wingu jekundu. Katika mbili tu ndipo taa za gari zilionekana.

Tangu siku hiyo, nikifika barabarani siigusi kamera kwanza. Naokota kiganja cha udongo, naurusha juu, natazama unaangukia wapi. Kisha nasimama upande upepo unakotoka, ili vumbi liende ng'ambo ya barabara na kunifanyia pazia nyuma ya gari. Hapo vumbi linageuka kuwa mali. Jua likiwa chini, saa moja au saa mbili asubuhi, vumbi hilo huwaka kama moto, na gari lenye rangi iliyochoka hutokea mbele yake limekatwa waziwazi kama kivuli ukutani. Siku isiyo na upepo ni ngumu zaidi, kwa kuwa vumbi huning'inia na gari linalofuata huingia ndani yake. Siku hiyo nalenga gari linalotangulia, au lile lililochelewa na kuachwa peke yake.

Jambo lingine nililojifunza kwa kupoteza picha nyingi: mashauri ya kulifuata gari kwa kamera ukitumia shata ya polepole, yaani mlango wa mwanga wa kamera ukae wazi kwa 1/60 au 1/30 ya sekunde, yametoka kwenye viwanja vya lami. Kwenye lami gari huteleza kwa mstari ulionyooka, nawe unazungusha kiuno ukilifuata. Kwenye barabara yetu ya murram gari huenda mbele huku likiruka juu na chini. Kwa 1/60, hata mkono wako ukiwa imara namna gani, boneti itatoka imefifia. Mimi naanza na 1/250. Magurudumu bado yanaonekana yakizunguka, majani kando ya barabara yanavutika, na uso wa dereva unasomeka. Panapo mashimo naenda 1/500 bila kusita. Gari likiruka tuta hewani, 1/1000 au zaidi, kwa maana hapo unataka kuona mchanga ukidondoka kutoka kwenye tairi.

Kamera pia hudanganywa na vumbi lenye jua. Huona weupe mwingi, ikadhani kuna mwanga wa kutosha, ikatia giza kwenye gari. Naongeza mwanga nusu stopu (stopu ni kipimo cha mwanga cha kamera), pengine zaidi. Peugeot nyeupe chini ya jua la adhuhuri inataka kinyume chake, la sivyo paa lake linageuka karatasi tupu. Na saa sita mchana usijaribu kupiga gari lililo mbali kwa lenzi ndefu. Mazigazi yanayopanda kutoka ardhini hulitikisa lote, na hakuna programu ya kompyuta itakayoliokoa. Subiri lisogee, au pumzika kivulini unywe maji.

Usibadilishe lenzi barabarani. Chagua moja ukiwa bado ndani ya gari lako, ya milimita 70 hadi 200 kwa mfano, funika kamera kwa mfuko wa plastiki uliokazwa na raba, uishi nayo hadi jioni. Vumbi la Safari ni laini kama unga, na likishaingia ndani ya kamera linakwenda nawe nyumbani. Lipulize kwa pampu ndogo ya mpira. Kulifuta kwa kitambaa ni kusugua kioo kwa mchanga.

Sasa, magari yenyewe. Naamini hapa ndipo wapiga picha wengi wazuri wanapopungukiwa: wanalipiga gari wasilolijua. Safari Rally ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Safari Classic ilikuja 2003, miaka 50 baadaye, ili magari ya enzi zile yarudi kwenye barabara zao. Baba yangu alikuwa akitupeleka kando ya barabara kila Pasaka, na mimi nilikuwa mtoto Shekhar Mehta aliposhinda mara nne mfululizo na Datsun, 1979 hadi 1982. Lakini baba alipenda kusimulia 1974, Joginder Singh alipowashinda watu wa Porsche akiwa na Lancer ndogo ya Mitsubishi. Porsche 911 ilikuja Safari mara nyingi ikashika nafasi ya pili, lakini katika Safari ya zamani haikushinda hata mara moja. Ukiyajua hayo, 911 ikitokea mkongeni leo utaitazama kwa jicho jingine.

Ukilijua gari unajua pia pa kulitazama. Magari ya Safari yalikuwa na alama zake: vyuma vizito mbele vya kukinga wanyama, taa kubwa zilizopangwa juu ya bampa, matairi ya akiba mawili nyuma, kimo kilichoinuliwa. Ukipiga kutoka juu ya kilima, yote hayo yanapotea na gari linaonekana kama kidude cha kuchezea. Piga goti, kamera iwe sawa na taa zake. Peugeot 504 nayo ilikuwa gari la abiria la masafa marefu. Karibu kila familia ina hadithi ya kubanwa humo na kuku miguuni. Siipigi bila watu waliosimama kando ya barabara, kwa sababu ni gari lao.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali. Usisimame upande wa nje wa kona, hata kama kila mtu yuko hapo. Gari likishindwa kukata kona, huko ndiko linakoenda. Tafuta mahali palipoinuka, nyuma ya mti mnene au jiwe, na ujue utakimbilia wapi kabla hujaweka jicho kwenye kamera. Ukiinua kamera, watoto watakufuata wakidhani umepata pahali pazuri. Warudishe nyuma kwanza. Picha itapatikana kwa gari linalofuata.

Magari yaliyosimama yana taabu zake. Nairobi tuna Concours d'Elegance, maonyesho ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse, uwanja wa mbio za farasi, inayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo tangu 1970. Fika mapema, kabla ya umati, wamiliki wakiwa bado wanasafisha. Mwaka mmoja nilimkuta mama mmoja amechuchumaa kando ya gari la mumewe, akipitisha mswaki kwenye kila spoku ya gurudumu, moja baada ya nyingine, ulimi ukiwa umebanwa kwenye kona ya mdomo. Nilimwomba ruhusa, akaitikia kwa kichwa bila kuacha kazi. Katika picha zote za siku ile, hiyo ndiyo niliyoichapa. Rangi inayong'aa na vioo utavituliza kwa filta ya polaraiza, kioo cha kupunguza mng'ao kinachofungwa mbele ya lenzi, lakini kromu haitakusikia, maana filta hiyo haiondoi mng'ao wa chuma kitupu. Vaa nguo nyeusi, sogea pembeni, chungulia kwenye bampa uone kama umo.

Safari Classic iliyofuata nilirudi kulekule Taita, nikamtafuta yule mzee. Nilimwamkia, nikamuuliza nisimame wapi. Akaninyoshea fimbo kwenye mawe ng'ambo ya barabara. 911 ya kijani ilitokea mkongeni, upande wa nyuma ukiwa umekwisha teleza, vumbi lote likielekea kushoto, mbali nami. Niliichapa picha kubwa, nikampelekea baada ya wiki mbili. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, akalipita gari, akaweka kidole kwenye kona ya chini ambako mbuzi walikuwa wamejikusanya chini ya mgunga. Akawahesabu. Walikuwa saba, wote wake.