Elki mgonjwa au aliyejeruhiwa mawindoni: kumpiga, kumwacha, au kumwita afisa

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mkiwa mawindoni Colorado, nawe ukiwa na leseni ya elki jike (elki ni mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu wa Amerika Kaskazini), mlimkuta jike mmoja peke yake kwenye miti ya aspeni, amekonda, anachechemea, na alipowaona hakukimbia. Mwenzako mmoja akasema apigwe kwa huruma, mwingine akasema nyama yake ni sumu, nanyi mkaondoka. Unauliza mlipaswa kufanya nini.

Nami huwinda kaskazini-magharibi mwa jimbo hilohilo, upande wa Meeker na Craig, na wanyama wa namna hiyo nimeshakutana nao. Kabla ya kugusa bunduki huwa nakaa chini na kumtazama kwa darubini kwa muda mrefu kadiri atakavyoniruhusu, kwa sababu elki mwenye jeraha na elki mwenye maradhi hawahukumiwi kwa namna moja, iwe ni kwa habari ya leseni, ya nyama, au ya afya ya mwindaji mwenyewe.

Mwenye jeraha kwa kawaida bado ana akili zake timamu. Masikio yanazunguka kutafuta sauti, anakutazama, anajitahidi kuondoka hata kama mguu mmoja haugusi chini, na mara nyingi utaona manyoya yaliyogandamana kwa damu au sehemu ya mwili iliyovimba. Msimu wa upinde Colorado hutangulia misimu ya bunduki, kwa hiyo si ajabu mwezi wa Oktoba kumkuta elki mwenye jeraha la mshale la mwezi uliopita. Wengine wamegongwa na magari, wengine wamenaswa kwenye nyaya za uzio wa ranchi. Wawindaji wengi wageni hawaamini, lakini elki ni mnyama mgumu mno: wapo wanaoishi miaka na miguu mitatu wakiendelea kuzaa, hivyo kuchechemea peke yake si dalili kwamba mnyama anakufa. Ikiwa jeraha ni bichi na damu bado inadondoka, mimi husubiri kwanza na kusikiliza, maana huenda nyuma yake yupo mwindaji anayefuata michirizi ya damu, naye ndiye mwenye haki ya kumalizia kazi yake.

Mgonjwa ana sura nyingine. Ugonjwa unaotawala mazungumzo yote huku ni ule wa kudhoofu wa jamii ya kulungu, unaojulikana kwa kifupi kama CWD. Ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliofungiwa kwenye kituo cha utafiti huko Fort Collins, na mwaka 1981 ukapatikana kwa elki wa porini, hukohuko Colorado. Hauletwi na bakteria wala virusi. Huletwa na prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya ambayo huharibu ubongo polepole, na ambayo haiuawi kwa kupika nyama hata ukiichemsha kutwa nzima. Mnyama anaweza kuubeba kwa zaidi ya mwaka bila kuonyesha chochote, na ndiyo maana wengi wanaopatikana nao wamepigwa wakiwa wanene na wazuri wa kutazamwa. Dalili zinapotokea huwa hivi: mnyama anakonda hadi mbavu na nyonga zinahesabika, kichwa kinainama, masikio yanalegea, ute unadondoka mdomoni, anayumba, anakunywa maji na kukojoa kupita kiasi, na anapoteza woga wa binadamu. Hilo la mwisho ndilo linalonishtua kuliko yote. Elki mzima akinusa harufu yako kwa mbali ameshavuka mlima.

Hata hivyo, kwa macho matupu hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba huyu ana CWD. Nimonia, upele mkali na majeraha ya ndani vinaweza kumfanya mnyama awe na sura ileile. Mahali pia pana maana. Ukiwa kusini-magharibi mwa jimbo la Washington au Oregon, elki anayechechemea huenda ana ugonjwa wa kwato unaohusishwa na bakteria wa treponema, ambao taarifa zake ziliongezeka sana kuanzia mwaka 2008. Huko Washington mwindaji katika maeneo yaliyoathirika hutakiwa kuziacha kwato palepale alipoangusha mnyama. Ukiwa maeneo yanayozunguka Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, jihadhari na ugonjwa wa brusela, uleule unaofanya ng'ombe watupe mimba, ambao humwambukiza binadamu anayepasua mnyama bila glavu. Na katika jimbo la Wyoming, karibu na mji wa Rawlins, mwaka 2004 mamia ya elki waliishiwa nguvu za miguu ya nyuma na kufa baada ya kula kuvu-mwani (kuvu na mwani vinavyoota pamoja kama utando) wenye sumu wa nyikani. Atakayekuambia kila elki anayeyumba ana CWD anarahisisha mambo.

Sasa sheria, kwa sababu hapa ndipo wenzetu wengi huingia matatani wakiwa na nia njema kabisa. Kumpiga mnyama wa porini kwa huruma bila leseni inayomhusu, Colorado na sehemu nyingi za Marekani, huhesabiwa kama ujangili, hata kama mguu wake unaning'inia kwa ngozi. Leseni yako ni ya jinsia fulani, eneo fulani na msimu fulani. Mwaka mmoja nilikuwa na leseni ya jike nikamkuta dume mkubwa amelala chini ya msonobari, mfupa wa paja umevunjika na unaonekana, na kila akijaribu kuinuka anaanguka. Kumtazama vile hakukuwa rahisi. Nilirudi nyuma ili nisimsumbue, nikaandika alama za mahali kutoka kwenye GPS, nikapanda kilima hadi simu iliposhika mtandao, nikapiga ofisi ya Idara ya Hifadhi na Wanyamapori ya Colorado, ambayo wote huiita CPW. Afisa alifika kabla ya giza akammaliza yeye mwenyewe, kisha akaniuliza maswali mawili matatu na kunishukuru. Ningefyatua mimi, mazungumzo yetu yangekuwa ya namna nyingine.

Upande wa pili wa sheria hiyo haufahamiki vya kutosha. Ukishampiga kwa leseni yako, yule ni wako: tagi, yaani kipande cha leseni kinachofungwa kwa mnyama, unaijaza palepale, na nyama inayolika huruhusiwi kuitelekeza porini. Colorado hutaja angalau mapaja na mikono yote minne pamoja na minofu ya mgongoni na sarara. Huwezi kumwangusha, ukamtazama kwa karibu, ukakunja uso na kwenda kutafuta mwingine. Ikiwa baada ya kumpasua umekuta jambo la kutisha, mpigie afisa ukiwa bado porini, umweleze, na ufuate atakalosema kuhusu nyama na leseni.

Kwa huyo jike wenu, mimi nisingempiga. Angekuwa anachechemea tu, macho makali, mwili umejaa, na leseni inamhusu, ningempiga bila kusita na ningeona nimefanya jambo jema. Lakini kukonda, kuwa peke yake na kutokimbia watu, vikikutana kwa mnyama mmoja, ni sababu tosha ya kuweka alama mahali alipo, kumpiga picha kwa mbali na kumwita afisa siku hiyohiyo. Ushauri wa mamlaka za afya za Marekani ni kutokupiga, kutogusa na kutokula mnyama anayeonekana mgonjwa. Hadi sasa hakuna binadamu aliyethibitishwa kuambukizwa CWD, na hilo ni jambo la kushukuru, ila mimi si mtu wa kulijaribu kwa watoto wangu.

Ukiamua kumpiga mwenye jeraha, usilenge kichwa. Kipimo cha CWD huhitaji tezi za limfu zilizo nyuma ya koo au sehemu ya shina la ubongo, na risasi huziharibu. Akianguka, usimkimbilie na kisu. Ndugu zetu Waislamu hasa huwa na haraka ya kumwahi angali hai ili wamchinje, nami naielewa haraka hiyo, lakini elki jike ana kilo zaidi ya 200 na teke lake huvunja mfupa wa mtu. Mfikie kwa upande wa mgongo, mbali na miguu, na uwe tayari kuongeza risasi.

Vaa glavu za mpira. Usipasue uti wa mgongo wala kichwa. Toa nyama kwenye mifupa, viache hivyo vingine isipokuwa kichwa cha kupimwa. Chunguza mapafu, ini na tezi. Jeraha la zamani mara nyingi huwa limefungiwa ndani ya jipu lenye usaha wa kijani na harufu kali: usilichome kisu, likate kwa mbali pamoja na nyama inayolizunguka, kisha badili kisu. Niliwahi kukuta ncha ya mshale imezama begani, bega lile likawa halifai kabisa, ilhali paja la upande wa pili lilikuwa safi kama la mnyama yeyote. Usaha ukiwa umeenea tumboni au nyama yote ikiwa na harufu, hapo ndipo pa kumpigia afisa.

Kichwa kipeleke kupimwa kabla hakijaoza, na ukimpa bucha kazi ya kukatakata, sisitiza mnyama wako asichanganywe na wa wengine. Shida kubwa kwetu huwa nyumbani, kwa kuwa taarifa za elki hufika mjini kabla yako, na jioni hiyohiyo watu wanakuja na vyombo. Mimi huwaambia mapema kwamba hakuna mgawo hadi maabara ijibu. Kila pakiti huandikwa tarehe na namba ya sampuli na kukaa kwenye friza peke yake. Jibu likija kwamba ugonjwa umeonekana, zote hufungwa kwenye mifuko miwili na kupelekwa dampo, bila kubakiza hata ya mbwa.