Rangi inapasuka, ekzosi inavuma: anzia chini ya gari kwanza

Kama umejiundia gari ya spoti mwenyewe nyumbani na sasa rangi imeanza kupasuka huku ekzosi inavuma mpaka kichwa kinauma, ushauri wangu ni mmoja tu, usishike bunduki ya rangi bado. Ingia chini ya gari kwanza. Watu wengi wanachukulia hizi ni kazi mbili tofauti, moja ya fundi rangi na nyingine ya fundi ekzosi, ila kwenye gari za namna hii bodi ni faibaglasi nyepesi, bomba limepita karibu kabisa na bodi, injini imekaa juu ya raba ngumu, yani joto na mtikisiko vyote vinaishia kwenye rangi. Ukipaka upya bila kuondoa chanzo, nyufa zitarudi palepale.

Mi huwa naanza kwa kuzisoma nyufa zenyewe. Zikikaa kama nyota, mistari inatoka katikati kwenda nje, ujue kuna kitu kimegonga au kinasukuma bodi kutoka ndani. Zikiwa mistari inayofuatana kwenye kona au kuzunguka boliti, bodi inajipinda pale, mara nyingi boliti imekazwa bila washa pana au bila raba katikati. Na ukiona malengelenge, au rangi imebadilika karibu na bomba linapotokea, hilo ni joto, hakuna mjadala. Resini ya kawaida ya poliesta, ile gundi inayoshika nyuzi za faibaglasi, inaweza kuanza kulegea hata kabla ya nyuzi 100, na bomba linafika mbali kuliko hapo.

Kwenye gari yangu sehemu ya nyuma juu ya sailensa ilikuwa na nyufa na malengelenge pamoja, na sababu ikaonekana baada ya gari kupata moto: bomba lilikuwa linagusa bodi. Likiwa baridi nafasi ipo, likichemka nafasi inakwisha. Chuma kinarefuka jamani, bomba la steinlesi la mita 2 likipanda nyuzi 400 linarefuka karibu milimita 14, kwahiyo ile nafasi ya kidole unayoiona asubuhi usiiamini. Weka kipande cha fleksi, yani bomba linalojikunja, karibu na injini, ning'iniza bomba lote kwa raba, usichomelee moja kwa moja kwenye chesi, alafu kati ya bomba na bodi weka kinga ya alumini iliyoachwa nafasi ya hewa pande zote mbili. Ile kanda ya kuzungushia bomba inapunguza joto kweli ila inashika unyevu, na bomba la chuma cha kawaida litakula kutu chini ya kanda bila wewe kuona.

Sasa sauti. Kabla hujanunua sailensa nyingine tafuta uvujaji. Washa injini ikiwa baridi, mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene sekunde chache, we sikiliza kwenye maungio na gasketi, pakivuja utasikia fsss. Hii sio habari ya kelele tu, pakivuja kabla ya sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye bomba, hewa ya nje inaingia, kompyuta inadhani petroli ni kidogo inaongeza, unakula mafuta bure. Hata ile milio ya pap pap ukiachia mafuta, wengi wanaipenda, ila mara nyingi ni hewa inaingia kupitia tundu.

Ukishaziba kote ndio uanze kusikiliza ule mvumo. Mvumo unaochosha haupo kila mahali, upo kwenye mizunguko fulani tu ya injini, kwahiyo endesha, angalia mshale wa mizunguko, andika. Injini ya silinda nne inawasha mara mbili kila mzunguko, maana yake kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika unapata mapigo 80 kwa sekunde, na ni sauti nzito ambayo sailensa ya kupita moja kwa moja, ile iliyojazwa sufi ya kunyonya sauti, haiimezi vizuri. Sufi inakula sauti kali za juu. Hapa dawa nzuri kuliko zote niliyoikuta ni bomba la pembeni lililozibwa mwisho: unalichomelea kwenye bomba kuu, sauti inaingia, inagonga mwisho, inarudi kinyume na inaua mwenzake. Urefu wake ni mwendo wa sauti ugawe kwa mara nne ya mapigo. Moshi ukiwa na nyuzi kama 150 sauti inakwenda karibu mita 410 kwa sekunde, kwahiyo kwa mapigo 80 unahitaji karibu mita 1.3. Ni refu, ndio, ila unaweza kulikunja lirudi sambamba na bomba kuu. Uzuri wake ni kwamba moshi haubanwi, nguvu inabaki. Anza refu kidogo, pima, kata taratibu. Na kama gari ilikuwa na sauti nzuri zamani na sasa inapiga kavu kavu, fungua sailensa, sufi itakuwa imeungua, jaza upya.

Baada ya hapo ndio rangi. Usipake puti juu ya ufa, itapasuka nayo. Fungua ufa kwa grainda mpaka ufike kwenye nyuzi za faibaglasi ambazo bado ni nzima, upate umbo la V pana, na kwa nyuma ya bodi laza tabaka za mkeka wa faibaglasi na resini, huko ndiko nguvu iliko. Kumbuka epoksi inashika juu ya poliesta, ila poliesta juu ya epoksi haishiki vizuri, usichanganye mpangilio. Acha ikauke sawasawa, kisha puti nyembamba, msasa 80, 180, 320, praima, msasa wa maji 800. Rangi ya metaliki usiikatishe katikati ya paneli, ififishe taratibu kwenda paneli ya jirani alafu kilia, ile rangi ya juu isiyo na rangi, ipigwe paneli nzima, la sivyo juani utaona doa.

Na tafadhali sana, rangi na kilia za kuchanganya na hadina, dawa ya kugandisha, kwa kawaida zina isosianati, kemikali inayoweza kuleta pumu ya kudumu. Barakoa ya vumbi haikusaidii chochote, tumia ile ya kuletewa hewa safi kwa mpira, funika ngozi na macho, watoto wawe mbali.

Kilia ikikomaa ndio unasugua kwa 1500, 2000, 3000 na kumalizia kwa kompaundi. Kwenye kingo weka tepu usisugue, kilia pale ni nyembamba na inaisha haraka. Waksi isubiri kwa muda ulioandikwa kwenye kopo la rangi. Alafu endesha gari mpaka ichemke kabisa, simama, chungulia nafasi kati ya bomba na bodi kabla haijapoa, na boliti za vining'inizo uzikaze tena.