Wanasiasa, ndoa na kamera: majibu kwa wasomaji

Mbele ya kamera wanashikana mikono, kumbe pembeni kuna mchepuko. Wanawezaje kuigiza hivyo?

Si kila mara wanaigiza wote wawili. John Edwards wa Marekani alikuwa mbioni kuwania urais Julai 2007, pale yeye na mkewe Elizabeth waliporudia viapo vyao baada ya miaka 30 ya ndoa. Elizabeth alikuwa anaugua saratani. Wakati huohuo mwanamke aliyewahi kumrekodia video za kampeni alikuwa na mimba yake. Mtoto akazaliwa Februari 2008. Agosti, Edwards akakiri uhusiano lakini akamruka mtoto, akaja kumkubali Januari 2010. Yaani anakiri kile tu ambacho hakifichiki tena! Na Elizabeth alishaambiwa sehemu ya habari tangu mwisho wa 2006. Alirudia viapo akijua nusu. Mimi hapo ndipo panaponiuma, kuliko hata uzinzi wenyewe.

Kwa nini mke asimame kando mume akiungama? Ningekuwa mimi, ningeondoka siku hiyohiyo.

Pengine. Silda Spitzer alisimama na mumewe Eliot, gavana wa New York, Machi 2008, ilipobainika kuwa alikuwa mteja wa makahaba. Wengi wanaukumbuka uso wa Silda kuliko maneno ya gavana. Mwaka uliofuata Mark Sanford, gavana wa South Carolina, alitoweka. Ofisi ikasema yuko milimani anatembea, kumbe yuko Argentina kwa mpenzi wake. Siku ya kuungama Jenny, mkewe, hakutokea. Wakaachana 2010. Wapiga kura nao wakampeleka Sanford bungeni 2013, kwa hiyo tusidanganyane kwamba mchepuko lazima uue siasa.

Ni kweli Wafaransa hawajali?

François Mitterrand, aliyekuwa rais wa Ufaransa, alikuwa na nyumba ndogo muda wote wa urais wake, na binti, Mazarine, aliyezaliwa 1974. Umma ulimjua mwaka 1994. Kwenye mazishi ya 1996 familia zote mbili zilihudhuria. Watu husifia ustaarabu huo, ila wanasahau kwamba mama na mtoto walikaa kwenye nyumba ya serikali, wakilindwa kwa kodi za wananchi. Hapo si faragha tena.

Al Gore, makamu wa rais wa Marekani aliyekuwa akiwania urais, na mkewe Tipper walibusiana kwa mahaba jukwaani mwaka 2000, kisha 2010 wakatengana. Nani alichepuka?

Kwani lazima awepo? Walitangaza kuwa wameamua pamoja, baada ya miaka 40. Watu huchokana.