Mwaka wa kwanza ualimu, asaimenti zinarudi na "umeeleza, hujajadili": jibu langu refu

Mdogo wangu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Kwa watakaofika hapa bila kuusoma: uko mwaka wa kwanza, shahada ya ualimu, hapo Mtwara mjini. Unakesha na desa, yaani notisi za waliotangulia, hadi saa nane usiku. Asaimenti mbili zimerudi, moja 8 kwa 15 na nyingine 7 kwa 15, zote zimeandikwa pembeni "umeeleza, hujajadili". Wachangiaji wengi wamekwambia shida yako ni Kiingereza, nenda kasome kozi ya Kiingereza kwanza. Mimi sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini, maana jambo hili lilinitoa machozi kabla yako.

Nilisoma Mtwara, Historia na Kiswahili, nikamaliza mwaka 2015. Sasa nafundisha sekondari mkoa wa Lindi, na kila mwaka tunapokea wanachuo wa TP, yaani mazoezi ya kufundisha.

Mwaka wangu wa kwanza tulipewa swali la kujadili sababu za kushindwa kwa mpango wa karanga wa Tanganyika, ule wa Waingereza wa mwaka 1947 hadi 1951. Nilifurahi mno. Mimi ni mtoto wa Nachingwea. Babu yangu alinionyesha reli ilikopita kabla ya kung'olewa, akanisimulia matrekta yalivyokuwa yakifyeka msitu. Lakini nilipokaa kuandika, babu nilimweka kando. Nilichukua desa la waliotangulia, nikaandika sababu saba kwa mpangilio ule ule: mvua haba, udongo mgumu, mashine chakavu, wataalamu wageni wasioijua nchi, na nyingine za namna hiyo. Kila sababu aya yake. Nikapata 6 kwa 15.

Mhadhiri aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hizi ni sababu za Kongwa. Nachingwea mvua ilikuwa nzuri kuliko Kongwa. Pale kilikwama nini?"

Swali lile nililala nalo wiki nzima. Mpango ulikuwa na maeneo matatu: Kongwa (Dodoma), Urambo (Tabora) na Nachingwea huku kusini. Kongwa mvua ni ya kubahatisha, na udongo wake ukikauka unakuwa kama saruji, karanga hazichimbuki. Huku kusini mvua ilikuwepo, lakini msitu ulikuwa mnene, na hapakuwa na reli wala bandari ya kina kirefu ya kupitishia mzigo. Ikabidi vyote vianze kujengwa huku mashamba yanafyekwa. Bandari hiyo ya Mtwara unayoiona ilijengwa kwa sababu ya karanga. Sasa ukiweka Kongwa na Nachingwea pamoja, kitu gani kinazieleza zote mbili? Mvua haielezi, udongo hauelezi. Nilichokuja kukiona mimi ni haraka: Waingereza walitoka vitani wana njaa ya mafuta ya kula, wakaanza kulima kabla ya kuipima mvua ya Kongwa vya kutosha na kabla ya kuwa na njia ya kutolea mazao Nachingwea. Hiyo ni hoja. Unaweza kuipinga, na ndiyo maana ni hoja. Zile sababu saba hakuna mtu angezipinga wala kuzikubali, zilikuwa orodha tu.

Niliomba kuandika upya, nikakataliwa alama lakini nikaruhusiwa kuleta. Niliandika kurasa tatu badala ya nane. Kiingereza changu kilikuwa kile kile cha wiki iliyopita. Mhadhiri aliandika: "Sasa unajadili."

Ndiyo maana nasema usianze na Kiingereza. Na hapa nataka nikwambie kitu ambacho wenzetu wa uhasibu na sheria hawana, sisi tunacho. Sisi tunafundishwa kutunga maswali. Kwenye somo la upimaji na tathmini utakutana na Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, na ngazi zake za kufikiri za mwaka 1956: maarifa, ufahamu, matumizi, uchambuzi, usanisi, tathmini, pamoja na marekebisho yaliyofanywa mwaka 2001. Wanafunzi huzikariri ngazi hizo kwa ajili ya mtihani. Wanajua kwamba "taja" iko chini kabisa na "tathmini" iko juu, wanajua kumtungia swali mtoto wa kidato cha pili kwa kufuata ngazi hizo. Halafu jioni ile ile mwanafunzi huyo huyo anafungua asaimenti yake iliyoandikwa "tathmini" na kuijibu kama imeandikwa "taja". Naona jambo hili kila mwaka na linaniuma, maana ufunguo uko mfukoni mwake.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukipewa swali, kabla hujafungua kitabu chochote, kaa upande wa mwalimu. Chukua karatasi uandike mwongozo wa kusahihishia swali hilo, kama vile wewe ndiye utakayelisahihisha. Alama 15 utazigawaje? Kama swali linasema jadili, je, utampa 15 mtu aliyetaja sababu saba bila kuzipima? Hutampa. Utampa ngapi? Andika. Mtu aliyechukua upande mmoja akautetea bila kugusa upande wa pili, ngapi? Andika. Aliyeleta mfano wa kwao ambao haumo kwenye desa, utamwongezea? Ukimaliza mwongozo huo utakuwa umeshajua insha inahitaji nini. Rasimu ikikamilika, iache siku moja, kisha ichukue pamoja na mwongozo wako na kalamu nyekundu, ujisahihishe kwa haki. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilijipa 7. Nilipeleka rasimu ya tatu.

Wengine watasema hilo linachukua muda. Ndiyo, linachukua. Lakini wewe tayari unatumia muda hadi saa nane usiku. Mimi nakuomba ulale saa tano.

Tuje kwenye kusoma, maana umeandika kwamba unasoma sana na hakuna kinachobaki. Kwetu korosho haipelekwi mdomoni na ganda lake. Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi, kwa hiyo anayebangua anafanya kazi moja moja, taratibu, na mwisho wa siku kilichomo kwenye beseni ni kidogo kuliko alichoanza nacho, lakini ndicho kinacholiwa. Usomaji uwe hivyo. Ukisoma sura ya kitabu, ifunge, geuza uso pembeni, useme kwa sauti mwandishi anadai nini na anathibitisha kwa kitu gani. Sentensi mbili zinatosha. Ukishindwa kuzisema, hujabangua, rudia. Ukiziweza, ziandike kwa maneno yako. Na kabla ya kuandika neno lolote kwenye daftari, anza na jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Nimeona mtu anahangaika maktaba usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi akitafuta ukurasa mmoja aliousoma mwezi uliopita.

Njia hiyo ya kufunga kitabu inakukinga pia na wizi wa kitaaluma. Wengi wanaokamatwa hawakukusudia kuiba. Walikuwa na kitabu wazi upande wa kushoto na daftari upande wa kulia, wakabadilisha maneno mawili matatu kwenye kila sentensi wakidhani hiyo ndiyo kuandika kwa maneno yao. Kitabu kikifungwa, huwezi.

Kuhusu Kiingereza, sisemi si tatizo. Nyumbani kwetu tuliongea Kimwera, Kiswahili nikakizoea shule ya msingi, Kiingereza kikaanza kuwa lugha ya masomo kidato cha kwanza. Najua uzito wake. Lakini jaribu hili: mwite mwenzako chumbani, mweleze hoja ya insha yako kwa Kiswahili, sentensi moja. Ikikushinda kwa Kiswahili, basi Kiingereza hakina kosa, wazo lenyewe halijakaa. Mimi mpango wote wa insha nilikuwa nauandika kwa Kiswahili, hoja na ushahidi wa kila aya, kisha ndipo naandika kwa Kiingereza kwa sentensi fupi. Sentensi fupi zilizo sahihi. Yale maneno makubwa tunayoyaokota kwenye makala za watu na kuyapachika ili tuonekane wasomi huwa yanamzuia msomaji, na mhadhiri mwenye insha 200 mezani hana muda wa kuyafumbua.

Kuna aliyekushauri hapo juu uache simu ikuandikie kwa akili mnemba. Mdogo wangu, usifanye. Achilia mbali kanuni za chuo. Programu hizo wakati mwingine hutaja vitabu ambavyo havipo kabisa, na jina lako ndilo lililo juu ya karatasi. Zaidi ya hapo, miaka miwili ijayo utasimama mbele ya watoto, mmoja atanyoosha mkono akuulize "kwa nini, mwalimu?" Jibu la swali hilo linajengwa sasa, kwenye hizi insha zinazokuchosha.

Jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema ni hili la TP. Watu wanaichukulia TP kama mapumziko ya kuandika. Kwenye andalio la somo kuna sehemu ya tafakuri. Wanachuo wengi wanaokuja kwetu huandika humo "somo limeeleweka vizuri" kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kuna binti mmoja alikuja, simtaji jina, yeye aliandika hivi baada ya kipindi cha Vita vya Maji Maji: wanafunzi 11 kati ya 43 wamechanganya sababu na matokeo, nadhani ni kwa sababu nilitumia mfano mmoja wa kilimo cha pamba kwa vyote viwili, kesho nitatenganisha. Kesho yake akatenganisha, akaandika kilichotokea. Mistari minne mitano tu kila siku. Nilipoyasoma maandalio yake nilikaa kimya kwa muda. Yule binti alikuwa anafanya utafiti: ana dai, ana hesabu, ana sababu anayoikisia, anaijaribu. Alinipigia simu baadaye kuniambia utafiti wake wa mwaka wa mwisho ulitoka kwenye daftari lile, wakati wenzake wanahangaika kutafuta mada. Wewe ukienda TP, jaza tafakuri kwa ukweli, hata siku ambayo somo limeharibika. Hasa siku hiyo.

Kikundi cha kujisomea ni kizuri kama ni cha watu watatu au wanne na kila mmoja analeta maandishi yake. Kikundi cha watu 12 kinachogawana kurasa za desa hakitakufundisha kuandika. Sisi tulikuwa watatu, tulikutana Jumamosi asubuhi chini ya mwembe karibu na hosteli, tunabadilishana rasimu na kusahihishana kwa mwongozo. Inauma kusahihishwa na rafiki. Nilikuwa nakasirika kimoyomoyo hadi Jumapili. Lakini ndipo nilipojifunza kumwandikia mwanafunzi maoni yanayomsaidia, jambo ninalolifanya leo kila wiki kwenye madaftari ya watoto.

Sasa twende kwenye kazi yako inayofuata. Umesema ni kutathmini nafasi ya Elimu ya Kujitegemea katika shule za leo. Utapata maelezo mengi kwamba Mwalimu Nyerere aliitoa kwa waraka Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, kwamba alitaka elimu ya msingi ijitosheleze badala ya kuwa ngazi tu ya kwenda sekondari, na kwamba shule ziwe na mashamba. Hayo kila mtu darasani kwenu atayaandika. Lakini wewe unaishi Mtwara. Shule ngapi unazozijua zina shamba la mikorosho? Msimu ukifika, watoto wanaokota korosho. Je, wanafundishwa kitu pale: hesabu za kilo, bei ya mnada, namna ya kutunza mche? Je, wanashirikishwa fedha zinavyotumika, kama waraka wenyewe ulivyotaka wanafunzi washiriki katika maamuzi? Au ni vibarua wasiolipwa, na kipindi cha hisabati kimepotea? Ukijibu hilo kwa kuangalia shule mbili zilizo jirani na chuo, ukaweka na alichokiandika Nyerere mwenyewe, utakuwa umetathmini.

Una siku tisa. Leo usisome. Andika mwongozo wa kusahihishia, alama 15, uuweke hapa chini kwenye uzi. Nitaupitia kesho jioni nikitoka kipindi cha mwisho, na walimu wengine humu naomba mje na kalamu zenu.