4,294,967,297 si namba tasa, na karatasi moja yatosha kulithibitisha hilo

Swali la wiki liliuliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa, na mtu asiye na kompyuta atajuaje. Si tasa: ni 641 × 6,700,417.

Wengi hukimbilia kugawanya kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo cha pili, ambacho kinapita 65,536 kwa sehemu ndogo mno. Humo mna namba tasa 6,542, kazi ya kumchosha yeyote. Tazama kwanza umbo la namba yenyewe: ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 128, lazima kibakishe 1. Basi za kupimwa ni 129, 257, 385, 513, 641 na kuendelea. 129 na 513 zinagawanyika kwa 3, na 385 kwa 5, kwa hiyo si tasa. 257 nayo inaanguka, kwa kuwa 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 ni 4,294,967,295, hivyo lazima ibakishe 2. Namba ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 641!

Wala usihangaike na tarakimu kumi. Fuata mabaki tu. 2 kwa kipeo cha 16 ni 65,536. Toa 641 × 102, yaani 65,382, unabaki na 154. Zidisha 154 kwa 154 upate 23,716. Toa 641 × 36, yaani 23,076, inabaki 640. Hilo ndilo baki la 2 kwa kipeo cha 32. Ongeza 1, inakuwa 641, hakuna kinachobaki. Huu kwangu ni uzuri halisi wa hesabu.

Wengi huishia hapo na kusahau 6,700,417. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na sharti la 128 bado linakihusu kila kigawo chake, kwa hiyo, 257 ikiwa imeshatoka, zimebaki nne tu: 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki ni 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.

Mwanahisabati Fermat, mwaka 1640, aliamini kuwa ukiendelea kuzidisha kipeo cha 2 mara mbili (1, 2, 4, 8, 16, 32…) na kujumlisha 1, utapata namba tasa daima. Tano za mwanzo ni tasa kweli. Mwanahisabati Euler aliivunja ya sita, ambayo ndiyo namba yetu, mwaka 1732, na mpaka leo hakuna namba tasa nyingine ya aina hii iliyopatikana.

Tahadhari moja kwa wanaotumia kipimo cha Fermat kukagua kama namba ni tasa. Ukiita namba yetu N, kipimo hicho kinataka 2 kwa kipeo cha N − 1, ikigawanywa kwa N, ibakishe 1, na hapa inabakisha 1 kweli. Sababu ni kwamba 2 kwa kipeo cha 32 ni pungufu ya N kwa 1 tu, kwa hiyo kipeo cha 64 kinabakisha 1, na N − 1 ni kizidishi cha 64. Tumia 3 badala ya 2, na kipimo kitaikataa.