Sababu za kwenda kusoma ng'ambo
Umeuliza iwapo kusoma chuo kikuu nje ya nchi kuna faida yoyote zaidi ya heshima ya cheti. Kwa maoni yangu, sababu yenye uzito zaidi ni fani yenyewe: anayesomea fizikia ya chembe (sayansi ya vipande vidogo kabisa vinavyounda maada), kwa mfano, hufaidika mno akiwa karibu na maabara kama ile ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia hiyo kilichoanzishwa mwaka 1954 karibu na Geneva, Uswisi, kuliko akisoma matokeo yake vitabuni tu. Lugha mpya nayo hukaa kichwani kwa kuitumia kila siku. Kuhusu gharama, usikate tamaa mapema, kwani vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.